Bafu Limetakata, Mlete Limi

Kambini, upande wa Kishapu

Kwa dada yangu Mama Shija, nyumbani Ushetu.

Shikamoo dada. Kabla hujaendelea kusoma naomba unisamehe kwa kukaa muda wote huu bila kukujibu. Barua yako ilinifikia mahindi yakiwa bado mabichi, na sasa watu wa huku wanavuna pamba. Nisikudanganye kwamba stempu zilikosekana. Kalamu ilikuwepo, karatasi zilikuwepo, hata mtu wa kuipeleka posta alikuwepo. Nilikuwa na hasira, na nikaogopa kuandika neno ambalo likishatumbukia kwenye sanduku la posta siwezi tena kulifuata.

Mgongo unaendeleaje? Unajikanda na yale maji ya moto kama tulivyofanya ulipokuwa huku? Na lile bani la kukaushia tumbaku lililobomoka upande kwa mvua, mmeshalijenga? Baba Shija alipotoka huko kwako aliniambia majani ya mwaka huu yamekauka vizuri, rangi yake kama asali. Nilifurahi kusikia. Huku sisi ni wazima. Masanja ana miezi minane, anakaa mwenyewe bila kuegemezwa, na akiona sahani anapiga kelele kama mnadani. Mimi siumwi, ila nimechoka. Ni uchovu ule wa mtoto mgongoni na ndoo mkononi, unaujua.

Naandika herufi kubwa kubwa na kuacha nafasi ili usome mwenyewe. Nakuomba sana usimpe mwalimu wa elimu ya watu wazima akusomee, wala jirani. Haya ni yetu wawili. Hapa kwenye kota za kambi wanashangaa wakisikia kwamba ninaandikiana na mke mwenzangu. Mmoja akaniuliza, "Mnaandikiana nini, matusi?" Nikamjibu kwamba mimi nilipoolewa nilikuta dada ndani ya nyumba. Nilisema kweli. Ila siku hiyo, dada, nilikuwa nimekukasirikia.

Ni kwa sababu ya barua yako. Mistari minne. "Limi mzima. Anakula vizuri. Ananiita mama. Usiwe na wasiwasi." Nilijua ni mkono wako kwa vile herufi zilikuwa zinapanda mlima kuelekea mwisho wa karatasi, na machozi yalinilenga, nikasema kumbe dada yangu sasa anaandika. Halafu nikafika mstari wa tatu. Niliukunja mdomo, nikaikunja na barua, nikaiweka chini ya debe la unga. Kila nilipochota unga naiona.

Basi nikuambie mapema ninachotaka, usije ukasoma huku unabahatisha. Namtaka mwanangu Limi. Ulisema siku bafu langu litakapokuwa jeupe utamleta kwa mkono wako mwenyewe. Bafu limekuwa jeupe. Sasa soma lilivyofika huko.

Kumbuka siku ulipokuja. Masanja alikuwa na siku nne, mimi bado sijaweza hata kusimama wima. Ulifika na kuku, na karanga, na michembe ya viazi, na mikono yako yenye nguvu, na mimi nikasema moyoni sasa nimepona. Wanawake wawili wa kota walikuwa wamekaa chumbani wananipa hongera. Ukachukua kanga ukaenda kuoga. Nikasikia mlango wa bafu, halafu sauti yako:

"Mayu wane! Mama Limi, hapa mnaoga watu au mnachinjia ng'ombe?"

Nikakuambia kutoka kitandani, "Ni maji hayo, dada. Maji ya hapa ndivyo yalivyo."

Ukasema, "Maji ndiyo yanayoondoa uchafu. Tangu lini yakawa yenyewe ndiyo uchafu?"

Na wale wanawake wakacheka. Walicheka dada, watu ambao maji yao ni yale yale yangu! Mimi sikuwa na nguvu ya kubishana. Lakini nilikuwa nasema kweli. Wewe umezoea maji ya bondeni kwetu, unapaka sabuni kidogo tu povu linakufunika mpaka masikioni. Haya ya hapa yanavutwa kutoka chini sana, chini ya miamba, yamejaa chumvi na chokaa. Sabuni haitoi povu, inakatika vipande vipande kama maziwa yaliyoharibika. Sufuria ya kuchemshia maji inaota gamba ndani, gumu kama ganda la yai. Tone likidondoka kwenye kigae likakauka lenyewe, linaacha alama nyeupe. La kesho linakaa juu ya la jana. Mwisho alama inakuwa ya njano, halafu ya kahawia kwa ile kutu ya bomba, na hapo hata ukiikwaruza kwa kisu haitoki. Niliikuta hivyo nilipohamia kota hii. Sikuiweka mimi. Nilikueleza siku ile ile, ukapitisha ukucha kwenye sinki, ukanitazama kama unavyomtazama mtu anayesema ng'ombe wake ameliwa na fisi wakati amemuuza.

Halafu siku ya arobaini. Baba Shija amekaa mlangoni anashona kandambili kwa waya, wewe umefunga mzigo. Ukamwambia yeye, hukuniambia mimi: "Limi simwachi aogeshwe kwenye ukurutu ule. Namchukua. Na huyu mwenzangu apate nafasi ya kumnyonyesha mdogo."

Nikasema, "Dada, Limi ninamwogeshea nje, juani, kwenye beseni."

Ukaniuliza, "Na beseni unaliosha wapi?"

Nimelitafuta jibu la swali hilo miezi saba dada, ninapofua, ninapopika, na bado sijalipata. Ndipo ukanishika bega, ukasema kwa upole, "Usilie. Siku bafu lile likiwa jeupe, nitamleta kwa mkono wangu mwenyewe." Baba Shija akacheka, akasema, "Mimi shahidi." Kwake ulikuwa mzaha. Mimi nililishika neno hilo kama mtu anavyoshika cheti.

Desturi naijua. Mtoto akishaachishwa ziwa na mama yake ana mwingine, huenda kwa mkubwa akasahau ziwa. Hata mimi nililelewa na bibi hivyo hivyo. Siilalamikii desturi. Ila desturi ni asahau ziwa, hakuna aliyesema asahau na mwenye ziwa.

Ulipoondoka nilianza kusugua siku ile ile. Nilisugua kwa majivu na mchanga, kama tunavyosugua masufuria nyumbani. Masizi yangetoka. Lile gamba lilinitazama tu. Nikasugua kwa waya wa sufuria, nikakwaruza sinki mpaka likapoteza mng'ao, na ndani ya ile mikwaruzo uchafu ukapata mahali pa kujificha zaidi. Mikono ikapasuka. Masanja mgongoni anaruka ruka, mimi nimepiga magoti, kila nikiinama shingo yake inanigonga kisogoni.

Ndipo nikajiona nina akili. Nikasema, magadi yanalainisha mlenda, magadi yanalainisha hata maharage ya mwaka jana, kwa nini yasilainishe hili? Nikachemsha magadi sufuria nzima, nikayamwaga bafu zima yakiwa ya moto, nikaziba tundu la sinki kwa tambara, nikasubiri mpaka adhuhuri. Dada, niliporudi maji yote yalikuwa meupe kama maziwa, na yalipokauka yaliacha gamba jipya juu ya lile la zamani. Nilikuwa nimelilisha! Nilikaa sakafuni nikacheka, halafu nikalia, halafu nikaenda kupika, maana Baba Shija hurudi kazini ana njaa.

Sasa nikueleze habari ya Mama Swaumu. Ni jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, mume wake ni dereva wa lori, watu wa Tabora mjini. Yule mama ana kota kama yangu, bomba lake limetoka kwenye bomba langu, na bafu lake ni jeupe kama sahani. Sikujua mpaka Baba Shija alipokwenda kumrekebishia valvu. Akarudi, akanawa mikono kwetu, akatazama sinki, akasema, "Kwa Mama Swaumu ukinawa unajiona."

Nikamwambia, "Basi kanawe huko."

"Nimesema tu."

"Na mimi nimesema tu."

Siku tatu sikumwekea maji ya kuoga. Nilimwambia kwa Mama Swaumu yapo. Wewe ungecheka, najua. Lakini nilikuwa nimeumia. Sikudhani kama kuna jambo baya kati yao, mama mtu mzima yule. Nililionea wivu lile sinki lenyewe. Nikasema mumewe analeta unga fulani kutoka Mwanza, ule wa wazungu, na ananificha. Nikawa naenda kwake kuomba chumvi ili nipite karibu na bafu nichungulie, nione kopo. Sikuona kopo lolote. Nikasema basi anaficha vizuri.

Na kila mwisho wa mwezi Baba Shija anakwenda nyumbani siku mbili, anarudi na habari. "Limi ameota meno ya nyuma." "Limi anasema sitaki, kwa Kisumbwa kabisa, mkono kiunoni." "Mama Shija amemsuka." Dada, niliposikia hilo la kusuka nililazimika kutoka nje. Nilipoolewa watu wote walinionya kwamba nitakuonea wivu kwa ajili ya mwanamume. Sikuwahi hata siku moja. Akija kwako namfungia chakula, akirudi namuuliza habari zako. Lakini nywele za Limi! Kwamba amekaa katikati ya magoti yako ameinamisha kichwa, na wewe unajua sasa upande gani unamuuma, na mimi sijui. Safari moja alirudi na alama ya kiganja kidogo cha mafuta ya karanga begani kwa shati. Lilikuwa shati la kazi. Nilichelewa kulifua siku nne, nikamwambia sabuni imekwisha.

Nakueleza haya sio nikuchome. Nakueleza ili ujue nilikuwa katika hali gani siku ya ukwaju.

Safari iliyopita ulinitumia mzigo. Karanga, matobolwa ya viazi, na ule mfuko wa ukwaju, bushishi la nyumbani, limejaa mpaka kamba inakatika. Baba Shija akauweka mezani akasema, "Dada yako amesema uloweke, uutie kwenye uji, maziwa yako yataongezeka." Nikaloweka nusu yake usiku huo, asubuhi nikaukamua, maji mazito mekundu, bakuli zima. Nilikuwa na nia njema. Yeye anavaa viatu vya kazi, akaongeza, "Limi mwenyewe anaupenda kweli. Kila asubuhi kikombe kizima, halafu analamba na kidole."

Dada, Limi kwangu alikuwa hataki kitu kichachu. Hata chungwa alikuwa analitema na kufumba macho. Nikasimama pale na bakuli mkononi nikafikiri, mwanangu anapenda kitu ambacho mimi sikijui. Kuna asubuhi zake zote ambazo mimi sizijui. Baba Shija alipotoka tu, nilikwenda bafuni nikaumwaga ukwaju wako, bakuli zima, kwenye sinki. Nimekiri. Uliubeba kutoka msituni kwa mgongo unaouma, ukaumenya, ukaufunga, na mimi nikaumwaga kwa wivu mtupu.

Haukwenda. Tundu la sinki lilikuwa limebanwa na lile gamba, maji yanapita kama yanaomba ruhusa. Nilitaka kuuzoa, Masanja akalia, ana joto, ikawa kazi ya kumfuta mwili na kumbembeleza, akalala, nikalala naye. Nilipoamka ilikuwa saa nane mchana. Nikaenda na kopo niuchote kabla Baba Shija hajaona. Nikachota, nikamwaga, na chini yake, dada, nikaona kitu cheupe. Nikadhani ni macho ya usingizi. Nikasuuza. Sinki lilikuwa limepigwa mstari kabisa. Juu ya mstari kahawia ile ile unayoijua. Chini ya mstari jeupe. Nikapitisha ukucha pale ulipopitisha wewe, na lile gamba lililobaki likanyanyuka lenyewe kama ganda la yai lililochemshwa.

Nilipiga kelele. Masanja akaamka akaanza kulia upya.

Kumbe ni uchachu tu lilikuwa linautaka. Mfuko wako ulikuwa bado na nusu, na safari hii sikumwaga hata tone. Niliuloweka kwa maji machache uwe mzito, nikachana kanga kuukuu vipande vipande, nikavichovya, nikavibandika kwenye vigae na kuviviringisha kwenye bomba kama mtu anavyofungwa bendeji. Nikawa nabandika tukishakunywa chai, nabandua wakati wa kupika mchana, halafu nasugua kwa gunzi la mahindi, maana gunzi halikwaruzi. Pale palipokuwa pagumu nilirudia mara mbili, mara tatu. Mikono yangu yenye nyufa ilikuwa inawaka, nikawa nasugua huku nimeng'ata meno. Nyumba nzima ilinuka ukwaju, Baba Shija akauliza kama kuna harusi. Siku ya tatu kigae cha kwanza karibu na mlango kilinionyesha kivuli changu. Sijawahi kujiona nimekonda hivyo, lakini nilijiona.

Nikaenda kwa Mama Swaumu. Aliponiona tu akachukua kikombe.

"Chumvi?"

"Hapana mama, leo siombi chumvi. Nimekuja kukuuliza unatumia nini bafuni."

Akaweka kikombe chini. "Umekuja mara nne kuomba chumvi, nikasema huyu binti anapika nini? Nikafikiri una mimba nyingine. Kumbe ulikuwa unataka kuuliza hilo?"

"Nilidhani ni siri."

"Siri gani mwanangu? Tambara!" Akalitoa begani, tambara la kawaida la amerikani. "Kila mtu akioga ndani ya nyumba hii anafuta. Ukuta, sinki, bomba. Hata mume wangu anafuta, asipofuta hapati chai. Maji ya hapa usiyaache yakauke yenyewe. Yakikauka yenyewe yanakaa. Mimi nilikuta kota mpya, sikuyapa nafasi hata siku ya kwanza."

Ndiyo hivyo dada. Muda wote huo namwonea wivu mtu mwenye tambara. Nilimwambia habari ya ukwaju, akashika kichwa, akasema mama yake Tabora alikuwa akisafishia sinia za shaba kwa ukwaju huo huo, na yeye hakuwahi kufikiria. Tukacheka wote wawili. Sasa na kwangu kuna tambara, limening'inia kwenye msumari, na Baba Shija anafuta. Mara ya kwanza alisema yeye ni fundi wa pampu, si mfuta kuta. Nikamwambia fundi wa pampu wa kambi nzima bomba la nyumbani kwake linadondoka mchana na usiku, na kwamba hilo gamba la kahawia kalizaa yeye. Jioni hiyo akakata mpira wa tairi la baiskeli, akafungua bomba, akaweka. Halidondoki tena.

Nilipomwambia sasa Limi arudi, hakufurahi haraka kama nilivyotegemea. Alizungusha kofia mkononi. Akasema, "Si tungoje kidogo? Dada yako amemzoea. Ile nyumba ilikuwa kimya tangu Shija aende shule ya bweni."

Nikamwambia, "Na hii je? Unasikia kelele gani hapa?"

"Yupo Masanja."

"Masanja ni Masanja. Wewe ulisema ni shahidi. Sema ulichokishuhudia."

Akasema, "Alisema atamleta bafu likiwa jeupe."

"Nenda kaangalie."

Akaenda. Alikaa humo ndani kitambo, nikasikia anagonga vigae kwa kidole kimoja kimoja. Akatoka akasema, "Mwandikie." Ndiyo nakuandikia.

Kuna kitu kimoja sitakuficha, maana ukija utakiona na sitaki useme nilikudanganya. Chini ya bomba, pale lilipokuwa linadondokea tangu kota zijengwe, pamebaki alama pana kama kiganja cha mtu mzima. Ukwaju uliisha kabla sijapamaliza. Nitapamaliza, lakini sitapangoja. Limi atimize miaka mitatu akiwa hapa. Hilo dada nakuomba kwa heshima zote, na nimeshaamua.

Najua ninachokutoa mkononi. Usidhani sijui. Najua asubuhi utaamka utasikia kuku tu. Ulimchukua mtoto akiwa na vidonda vya mbu miguuni, na Baba Shija anasema sasa ngozi yake inateleza. Ulimfundisha kuomba maji kwa adabu. Hayo siwezi kuyafuta na sitaki. Ila lile neno la mstari wa tatu, dada. Akuite mama mkubwa, kwa mdomo mzima, mbele za watu, mpaka anazeeka. Neno mama peke yake nilikuwa nimeliacha kwake linisubiri, niliazima tu sauti yako iliitikie wakati sipo.

Na mimi nikizaa tena, ukija, utaoga ndani ya bafu langu mlango wazi ukitaka.

Nisalimie mama mkwe, umwambie ile dawa ya kifua tumeipata tutamletea. Msalimie shemeji Kulwa anayetunza ng'ombe, na mkewe ambaye nasikia amejifungua salama. Msalimie shangazi yetu anayefinyanga, mwambie chungu chake kilifika bila ufa. Shija akija likizo mwambie mama mdogo anamuuliza hesabu. Mwalimu wako wa watu wazima naye salamu zake, kazi yake nimeiona.

Limi usimsomee barua hii. Mbusu tu, umwambie barua ni ya kwako.

Mimi mdogo wako ndani ya nyumba moja,
Mama Limi

Vitu ninavyohitaji viletwe ni hivi, wala sihitaji zaidi:

Limi. Kwa mkono wako kama ulivyosema, sio na baba yake wala na mtu wa basi.

Kadi yake ya kliniki, ile yenye kona iliyoliwa na panya. Wauguzi wa hapa hawampokei bila kadi.

Nguo zake zote, hata zilizombana. Nataka kuona amekua kiasi gani.

Ukwaju mfuko mmoja. Nusu ni ya pale chini ya bomba, nusu ni ya kikombe chake cha asubuhi, na unionyeshe unavyomtengenezea, unatia sukari kiasi gani au hutii.

Na wewe mwenyewe, wiki mbili, au tatu kama tumbaku itaruhusu. Najua Limi hatanijua. Atakulilia wewe, ndani ya nyumba yangu, na mimi nitasimama pale nikisikia. Nimejiandaa kwa hilo. Ila nataka akikulilia uwepo, umchukue, kisha unipe, umchukue, kisha unipe. Usiondoke mpaka siku atakapopita mbele yako na kuja kwangu kuomba maji. Siku hiyo nitakusindikiza mwenyewe mpaka stendi.